Simeoni Ntandu na Zizi la Sungura

Kwa wafugaji wa Ihanja wa rika lake, jina la Simeoni Ntandu halihitaji maelezo. Ndiye aliyeitwa mtu alipotaka zizi. Aliyachagua matawi ya mgunga kwa jicho, akayapanga shina ndani na miiba nje, akayakandamiza kwa mguu uliovaa kandambili za tairi, na fisi aliyekuja kulijaribu zizi hilo alirudi alikotoka akichechemea. Wapo wanaosema kwamba hakuna ndama aliyewahi kupotea ndani ya zizi la Simeoni. Msemaji mkuu wa habari hiyo ni Simeoni mwenyewe.

Magoti yalipoanza kugoma, aliwaachia wadogo zake ng'ombe na kuhamia Mandewa, pembeni mwa mji wa Singida, katika nyumba aliyoijenga mwanawe Festo. Uani kwake sasa palikuwa na kuku, kamba ya nguo, na sungura watatu.

Sungura hao waliachwa na muuguzi jirani aliyepata uhamisho wa kwenda Kigoma. Severina, mke wa Simeoni, aliwapokea ndani ya ndoo, akawapa majina kabla hawajafika hata mlangoni. Mweusi mwenye ukosi mweupe shingoni aliitwa Padre. Wa kijivu, mnene, aliyepiga miguu chini kila alipoudhika, aliitwa Shangazi. Wa tatu hakuwa na la ajabu, akaitwa Mgeni. Hawakuwa wa kitoweo. Jambo hilo Severina alilieleza mtaa mzima, na mtaa mzima ulishindwa kulielewa.

"Kwa hiyo unawafuga ili iweje?" waliuliza.

"Ili wawepo," alijibu Severina.

Simeoni, kwa kulinda heshima ya mtu aliyewahi kufuga ng'ombe, aliwaambia watu kwamba sungura ni wa mama. Lakini Severina alipokwenda mazoezi ya kwaya, mzee alijiketisha kwenye kigoda, akampakata Padre, akamsimulia habari za madume ya ng'ombe aliyowahi kuwa nayo. Padre alisikiliza vizuri. Alikuwa na masikio ya kutosha.

Shida ilikuwa upande wa pili wa ua. Huko aliishi Sikudhani, mama yake Miraji, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha kuondoka, ambaye alilima mchicha na kuuza sokoni. Asubuhi moja sauti hiyo ilivuka ua.

"Baba Festo! Shikamoo! Padre wenu yuko kwenye tuta langu, na hajaja kuhubiri!"

Simeoni alitoka mbio, shati likiwa halijafungwa. Padre alikuwa amekaa katikati ya tuta, shina la mchicha likiingia mdomoni kidogo kidogo. Shangazi alikuwa tuta la pili, Mgeni la tatu. Walikuwa wamegawana shamba kama ndugu wasio na ugomvi.

"Marahaba, Mama Miraji. Hawa ni wa mama Festo."

"Wa mama, wa baba, mchicha ni wangu."

Ignas alikuwapo. Ignas alikuwa fundi baiskeli, mzaliwa wa Ihanja vilevile, na tangu ujana kazi yake ya ziada ilikuwa kumtania Simeoni. "Fundi wa mazizi," alisema, akiegemea ua, "nyumbani kwako mifugo inatembea kama watalii?"

Maneno hayo yalimpanda Simeoni kichwani. Akajibu mbele yao wote, kidole kikiwa juu: "Nitajenga zizi. Na kiumbe kikitoka ndani ya zizi langu, Mama Miraji, wewe chukua kisu. Sitakuzuia."

Severina, aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko, alisimama kama aliyemwagiwa maji. Simeoni aliona uso wake, akatamani kuyameza maneno yale. Lakini Ignas alikuwa ameshayasikia, na lililosikiwa na Ignas lilifika kijiweni kwa bodaboda kabla ya chai.

Basi alijenga. Alitafuta migunga, akachimbia nguzo, akapanga matawi hadi usawa wa kifua, shina ndani, miiba nje, akakandamiza kwa mguu. Lilikuwa zizi la kupendeza. Madereva wa bodaboda walisimama kulitazama. Mmoja aliuliza kama kuna chui anayeletwa. Simeoni alizunguka kazi yake mikono ikiwa mgongoni, akaeleza kwamba fisi yeyote atakayejipendekeza hapo atajuta.

"Fisi wa Mandewa anatokea wapi, mzee?" aliuliza dereva.

"Ndiyo maana hawatatokea," alisema Simeoni.

Kesho yake asubuhi zizi lilikuwa imara, halina tawi lililolegea, na halina sungura. Pembeni palikuwa na shimo nadhifu lililopita chini ya miiba na kuibukia upande wa pili. Simeoni aliinama, akalitazama muda mrefu. Katika maisha yake yote alipambana na wanyama wanaoruka, wanaosukuma na wanaorarua. Hakuwahi kuwaza juu ya mnyama anayetoka kwa kushuka. Ng'ombe hachimbi.

Sikudhani alikuja na kisu mkono mmoja na Shangazi mkono mwingine, ameshikwa chini ya kwapa kama mkoba. Padre na Mgeni walimfuata nyuma wenyewe, wakitafuna.

"Baba Festo, uliahidi."

"Niliahidi, mama."

"Wageni wangu kutoka Kiomboi wanafika Jumapili. Kwa kuwa sisi ni majirani, nakuacha hadi siku hiyo. Nikimwona hata mmoja nje, najua nitakachopika, na karanga ninazo." Akamkabidhi Shangazi, ambaye alimpiga Simeoni teke la kifua.

Severina hakugomba. Laiti angegomba! Alimwekea mumewe ugali mezani, bakuli la mboga akaliweka mbele ya sungura, akawaambia wao, "Kuleni, wanangu. Mnajua aliyewauza." Simeoni alikula ugali mkavu huku Padre akimtazama kwa upole usiovumilika.

Akakusudia kuchimba mtaro kuzunguka zizi na kufukia wavu wa kuku ndani yake. Akashika sululu. Mbele ya nyumba, penye zizi, udongo ulikubali kwa furaha, na hilo lenyewe lilimtia hofu, kwa maana udongo uliomkubali yeye ungemkubali na Padre. Akahamia kando ya kisima kutafuta pagumu zaidi, vivyo hivyo. Akahamia nyuma ya jiko, akainua sululu, akaishusha kwa nguvu zote. Ikalia *ngwi!* na kumrudishia mtetemo hadi kwenye meno. Akasogea hatua moja. *Ngwi!* Akasogea tena. *Ngwi!*

"Unapiga kengele?" Ignas aliuliza kutoka nje.

Simeoni alitukana kwa Kinyaturu, tusi refu la kizamani ambalo Ignas alilipokea kwa heshima. Chini ya udongo usiozidi kiganja palikuwa na mwamba mtupu, ule ule unaochomoza kila kona ya Singida na kuwatesa wachimba vyoo. Akaketi juu ya kifusi kwa hasira. Kisha akanyanyuka taratibu. Akapiga tena, kwa makusudi. *Ngwi!* Akaanza kucheka, akaacha sululu, akacheza mdundiko wa mguu mmoja, kwa kuwa goti la pili lilikataa.

"Mama Festo! Njoo usikie! Hapa hata Padre hapiti!"

Severina alisikiliza, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kisu akamwita Baba Festo. Lakini mwamba usiochimbwa na sungura hauchimbiwi nguzo pia, na fundi wa miiba hakujua pa kuanzia. Severina ndiye aliyejua. Ujanani alijenga kuta za mawe na kaka zake kule Mkalama. Alilipindua jiwe mpaka akaona upande linaotaka kulalia, akalituliza kwa tope. Simeoni alibeba, akakosolewa, akabeba tena. Ukuta ulizunguka ukafika kiunoni. Juu yake walilaza fito na kutandika wavu wa kuku, na Simeoni akaufunga kwa waya mwembamba akiwa ameinama kwa ndani, kama alivyozoea, kwa sababu zizi humaliziwa kwa ndani siku zote.

Jumapili baada ya ibada, kona moja tu ilikuwa bado wazi. Hapo ndipo Sikudhani alipotokea na wageni wake wa Kiomboi, Ignas akiwa nyuma yao kama mtu wa ukoo.

"Tuone," alisema Sikudhani.

Severina aliwapitisha sungura pale penye kona. Shangazi aliingia akinuna. Mgeni aliingia. Padre aliingia, akageuka papo hapo, akarukia uwazi alikotokea. Simeoni alipiga kelele, akauvuta wavu, akasokota waya kwa vidole, akasokota tena, mpaka jasho likamdondoka puani.

Sungura walianza kuchimba. Vumbi lilipanda. Kisha ikasikika sauti ya kucha zikikwaruza jiwe. Shangazi alijaribu pembe hii, akajaribu ile, akapiga mguu chini, akalala. Padre alikwaruza mara ya mwisho, akaketi, akaanza kujinawisha uso.

Severina alipiga kigelegele. Wageni wa Kiomboi wakapiga makofi bila kujua kwa nini.

"Nimekubali," alisema Ignas. "Sasa fundi, wewe mwenyewe unatokea wapi?"

Simeoni alitazama kulia. Akatazama kushoto. Kwenye zizi la miiba hubaki pengo, fundi akatoka, akalivutia tawi nyuma yake. Hapa hapakuwa na pengo. Hapakuwa na mlango. Alikuwa amechuchumaa ndani ya wavu, magoti masikioni, kofia ya kanisani ikiwa imebonyea kwenye fito.

Kicheko kilichotoka kiliwaita waendesha bodaboda kutoka kijiweni. Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini, akashika tumbo, akaomba maji.

"Fungua waya utoke, mzee wangu!"

"Sitoki," alisema Simeoni. "Niliahidi kwamba kiumbe kikitoka humu, uchukue kisu. Nikitoka utasema zizi limevuja. Futa kwanza neno lile."

"Na nisipofuta?"

"Nitaishi hapa." Akampakata Padre mbele ya watu wote, bila kumsingizia mama.

Sikudhani alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alimtazama mzee, akamtazama sungura, akawatazama wageni wake waliokuwa wameshamsahau kabisa aliyewakaribisha. "Nimefuta," alisema. "Kisu kitakata vitunguu. Zizi lililomshinda aliyelijenga litawashinda na hawa. Lakini mlango ukatwe upande wangu. Kila siku nang'oa magugu na mashina yasiyouzika, sina pa kuyatupa."

"Upande wako," alisema Simeoni upesi.

Ignas alitoa plaizi ya kukatia waya mfukoni, akaichezesha kidoleni, akatangaza kwamba leo hakuna haraka.

"Wewe mwache," alisema Severina akielekea jikoni, akiwaashiria wageni wa Kiomboi wamfuate. "Chakula kiko tayari. Tukishiba, ndipo tutakata mlango."