Tulivyomkinga mdogo wangu Zaina na milio ya risasi Buyenzi, mpaka Baba aliporudi na majibu ya ubongo wake

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Hiki nimekiishi, sikusimuliwa. Asiyeamini apite taratibu, hatutagombana.

Nimekulia Buyenzi, Bujumbura, miaka ya vita. Baba alikuwa anauza vitambaa kwenye duka la mtu kule mtaa wa Asiatique. Mdogo wangu Zaina alianza kutembea vizuri tu, tena mtundu, akikukuta umekaa anakupanda mgongoni.

Kisha akapata homa. Homa ikaisha, miguu ikagoma. Akajifunza upya, anayumba lakini anakwenda. Halafu siku moja risasi zikalia karibu, akashtuka, akalegea mwili mzima. Ikachukua muda mrefu kusimama tena.

Mama akaona kwamba hofu inamwangusha mtoto sawa na homa. Basi milio ikianza kule milimani, anamweka Zaina karibu na kinu, anatwanga sombe, yaani kisamvu, kwa nguvu zote huku anaimba. Majirani wakaelewa, nao wakatoa vinu vyao. Avenue nzima inatwanga! Zaina anacheka, anadhani kuna harusi.

Tulikula sombe mpaka basi. Leo nikisikia harufu ya mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, nawakumbuka wale akina mama, na roho inaniuma. Vita sivitamani hata kidogo, ila watu wale natamani sana kuwaona tena.

Sasa balaa lilikuwa ndani ya nyumba. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alishikilia kwamba ugonjwa umetoka ukoo wa Mama. Akataka Mama arudishwe kwao, Baba aoe mwingine. Baba kimya. Kimya kile kilimkondesha Mama kuliko maneno ya Shangazi.

Baba mdogo aliyekuwa Ubelgiji akapanga Zaina akapimwe huko. Baba akaenda naye, Mama akabaki na sisi. Shangazi akahamia kwetu, akaanza hata kutaja jina la bibi harusi. Yule mama alikuwa na haraka jamani!

Kule walimwingiza Zaina kwenye mashine ya picha ambayo inasoma pia kemikali za ubongo, bila kupasua. Kila kemikali inachora mstari, na ubongo ukiwa mzima mistari inapanda juu. Kwenye sehemu nyeupe ya ubongo wa Zaina mistari ilikuwa imelala. Ile nyeupe inayeyuka, pamebaki maji. Ni ugonjwa unaoitwa leucodystrophie, wa kurithi, na homa au mshtuko huizidisha.

Baba alirudi na Zaina, akamkuta Shangazi sebuleni. Hata maji hakunywa.

“Docteur amesema hii kitu imetoka kwangu na kwa mama yake, sawasawa. Kama munafukuza mutu mu hii nyumba, mutufukuze wote wawili.”

Shangazi alifunga mizigo yake jioni ileile. Mama alilia mpaka tukaogopa.

Dawa haikuwepo. Zaina alituacha kwa malaria, vita vikielekea kuisha.

Somo langu: mtoto akiumwa, msimtafute wa kumbebesha lawama. Na wewe mume, ukinyamaza umeshachagua upande.

Waliolea mtoto wa hivi, karibuni mchangie. Nitamsomea Mama maoni yenu. Yeye na Baba bado wanaishi nyumba ileile.