Kabichi Zilizofuliwa

Enzi zetu, wenzangu mliokula kande za shule ya kati mtanielewa, kabichi haikuwa mboga. Ilikuwa mtihani. Kila msichana wa darasa la tano alipewa makopo sita, kila kopo mche mmoja, na mwalimu wetu wa kilimo akatoa amri: "Ambaye miche yake itakufa, likizo atabaki hapahapa kumwagilia bustani. Nyumbani atapasikia kwa wenzake."

Mimi ni mtu wa nyumbani tangu utotoni. Hata leo nikifika Chimala tu, njiani kwenda Mbeya, naanza kuulizia gari la kurudi. Shule ilikuwa huko milimani Mbeya, kwetu Kihesa, Iringa, na nikikumbuka viazi vya mama vikiiva kwenye majivu, kande niliwaachia wenzangu.

Makopo tuliyajaza udongo mweusi wa bondeni, ule mwepesi wa majani na mizizi iliyoozea kwenye tope miaka na miaka. Ukiwa na unyevu, hakuna udongo mtamu kama ule. Ukishakauka kwa upepo wa kiangazi, basi, kiburi chake ni cha bibi harusi. Unamwaga maji, yanateleza juu, yanashuka pembeni mwa kopo na kutokea chini kwenye matundu ya misumari, udongo wenyewe haujalamba hata tone. Nami, mwerevu wa Kihesa, nikiona maji yanatoka chini najisifu kwamba nimenywesha! Miche ikazidi kulegea masikio.

"We Mhehe," akanitania Atupele, rafiki yangu wa Tukuyu, "miche yako imefunga? Tuiitie mchungaji?"

Nikachomeka kidole kwenye kopo. Ndani vumbi tupu. Likizo ikaanza kuniaga.

Ndipo nikamkumbuka mama. Kule nyumbani, kabla ya kupanda kwenye vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, alikuwa akibakiza maji ya kufulia. Akisema, "Udongo mkavu haupigwi, mwanangu, unabembelezwa. Tia sabuni kidogo tu, maji yatapata njia." Sabuni niliikumbuka vizuri. Hilo neno "kidogo" sijui nililiacha wapi.

Nikachukua sabuni yangu ya muhula mzima, nikaikwangua yote kwenye ndoo, nikakoroga mpaka viwiko vikapotea, kisha nikamimina. Loo! Povu likapanda, likafurika, likaivika miche kofia nyeupe kama maaskofu sita wamepanga mstari. Mapovu mengine yakaruka hadi dirishani kwa darasa la sita. Atupele alicheka akakaa chini. "Jamani njooni! Anafua kabichi!"

Aliyekuja ni mwalimu.

Alipenyeza kidole kwenye kopo langu, kikatoka cheusi, kimelowa hadi kwenye pete. Akaenda kwenye kopo la Atupele, lililomwagiliwa asubuhi ileile. Vumbi.

"Nani kakufundisha?"

"Mama, mwalimu."

"Mama alisema utie sabuni nzima?"

Mwalimu akaitazama ndoo yangu ya povu. "Lete maji safi usuuze, haraka, kabla hujaiua!"

Tulisuuza mimi na Atupele, yeye akicheka, mimi nikiomba Mungu. Baada ya siku mbili miche yote ilisimama. Mmoja tu ulibaki na majani ya manjano, kama mtu aliyemeza sabuni, na kweli ulikuwa umemeza. Mwalimu naye akajaribu kwa kipimo chake: kifuniko cha chupa cha maji ya povu kwa ndoo nzima. Udongo ukanywa kama ng'ombe.

Siku ya kufunga shule sanduku langu lilikuwa mlangoni toka alfajiri. Mwalimu akatangaza: "Fundi wetu atabaki wiki moja, abembeleze makopo ya shule nzima."

Atupele alinipungia mkono juu ya lori. "Tusalimie kabichi!"

Nilipofika Kihesa hatimaye, mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilisema kidogo. Nani alikutuma ufue bustani?" Kisha akacheka hadi akashika mlango.

Leo wajukuu wakija kunitembelea kutoka Dar wananiletea udongo wa kwenye mfuko wenye picha ya maua. Ukikauka unagoma vilevile. "Bibi, umekataa maji," wananiambia, na kwanza wanaupiga picha. Nanyanyuka na kikombe changu cha povu, matone tu, na maji yanapata njia. Hapo ndipo ninapomkumbuka mama yangu, yule aliyecheka hadi akashika mlango, maana hakuna mwingine ambaye angejua kwa nini nacheka peke yangu.

Wananibembeleza niende Dar nikawatunzie maua yao. Siendi. Na nikilazimishwa, nitawaambia sijui chochote kuhusu udongo. Anayejua kitu ugenini, kurudi kwao hacheleweshwi na mvua. Anacheleweshwa na sifa.