Nilivyompeleleza Mchumba wa Mama Mdogo

Bibi yangu aliwaambia wanawake wenzake msikitini kwamba mjukuu wake yuko chuo kikuu anasomea wizi. Hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimemweleza tena na tena kwamba ni elimu ya uhalifu na saikolojia, kwamba tunajifunza kwa nini watu hutenda maovu na nini hupita akilini mwao, naye akachukua neno lililokuwa karibu. Niliporudi nyumbani Buzebazeba, huko Ujiji, likizo ya mwaka wa pili, nusu ya mtaa ilikuwa inaficha vyombo vyake nikipita, na nusu nyingine inaniletea kesi za kuku waliopotea. Kuna jirani mmoja alikuwa akizungumza nami huku ameelekea ukutani, ili nisimsome uso.

Mtu mwenye haya angekanusha. Mimi nilivimba kichwa. Nilikuwa nimenunua miwani isiyosaidia chochote, vioo vitupu, na nimejifunza kuinamisha kichwa upande mmoja mtu akiongea, kama mhadhiri wetu. Jioni moja bibi alilalamika kwamba mboga inachelewa, nikainamisha kichwa nikamuuliza hali hiyo inamfanya ajisikieje. Akasema inamfanya asikie njaa.

Hapo ndipo lilipokuja suala la mama mdogo. Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza shule, na mdogo wake huyu, ambaye wakati huo alikuwa msichana tu, akanichukua akanifanya wake. Wachumba walikuja. Kila mmoja aliulizwa kama atamchukua pamoja na mtoto, na kila mmoja akakumbuka kwamba ana shughuli mahali. Basi akabaki kwa bibi, mama yao, akawa anaanika na kuuza dagaa kwenye mwalo wa Katonga, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki, na kwa dagaa hao nikasoma mpaka nikafika hapo pa kuvaa vioo vitupu. Nampenda kuliko mtu yeyote duniani, na nalisema hili mapema kwa sababu mambo niliyoyafanya baadaye hayakulionyesha vizuri.

Likizo ile akaposwa. Mwanamume mwenyewe alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Kalinzi, mgane, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akishuka kununua dagaa kwake na kwenda kuwauza huko juu milimani. Alileta washenga. Kwetu posa haijibiwi papo hapo. Mjomba aliwapokea, akawapa soda, akawaambia watupe muda tuulize. Kuuliza ni kazi. Mtu hutumwa msikitini kwa mposaji, kwa majirani zake, kwa aliofanya nao biashara, mpaka ijulikane kama anapiga wake zake au anakunywa kwa siri. Safari hii mjomba hakutaka kuhangaika. Alisema mtaalamu tunaye ndani ya nyumba, na wote wakanigeukia. Mama mdogo naye alinitazama, akatabasamu, akaendelea kuchambua maharage.

Nilianza kwa mahojiano. Nilimkuta yule bwana soko la Ujiji, kwenye ndizi alizoteremsha kuuza, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na Kiswahili kilichochanganyika na Kiha. Nikamwamkia, nikajitambulisha, kisha bila kupoteza muda nikamuuliza uhusiano wake na mama yake utotoni ulikuwaje. Akafikiri. Akasema ulikuwa mzuri, akanipa ndizi. Nikahitimisha kwamba anakwepa maswali. Alizungumza polepole, kwa hiyo anaficha jambo. Alitabasamu, kwa hiyo anajihami. Angenuna ningesema ana hasira zilizokandamizwa. Ndizi nilikula.

Siku ya soko iliyofuata nikaingia kwenye hatua ya pili, yaani kumfuatilia. Nilijibanza nyuma ya marundo ya mitumba nikijifanya nachagua nguo, na nilichagua kwa muda mrefu kiasi kwamba muuza mitumba akaniuliza kama gauni nililolishika ni la mke wangu au la kuvaa mwenyewe. Sikumjibu, kwa sababu wakati huo huo mtu wangu alifanya jambo la ajabu. Alikuwa anakuja zake na kapu begani, mchangamfu, anasalimiana na watu, mara akasimama ghafla. Akainamisha uso. Akageuka, akapenya nyuma ya magunia ya viazi, akachutama huko na kapu lake, mtu mzima mwenye mvi. Nilitazama huko alikokuwa anaelekea nikaona wanawake tu, wamenipa mgongo, mitandio vichwani, wananunua mawese. Alipochungulia akaona njia iko wazi, akainuka akaondoka kwa kuzunguka nyuma ya machinjio.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Neno ni hilo, furaha. Nilijiambia ni furaha ya mtafiti aliyepata ushahidi. Ana mwanamke pale kwenye mawese, nikawaza, au ana kesi na mtu, na kwa vyovyote vile posa imekufa.

Ripoti niliitoa kesho yake baada ya alasiri, uani, bibi na mjomba wakiwa mkekani na mama mdogo kwenye kigoda. Nilivaa miwani. Yule bwana nilimwita mhusika. Nilieleza kukwepa maswali, nikaeleza kujihami, mjomba akawa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kila nikitumia neno asilolijua. Nilipofika kwenye magunia ya viazi nilishusha sauti kidogo, kama inavyostahili. Bibi akanikatiza.

"Jana asubuhi? Pale kwenye mawese?"

Nikasema ndiyo, pale pale.

"Na alijificha? Umeona kwa macho yako?"

"Alijificha, bibi. Alichutama kabisa. Hata uso aligeuza."

Bibi akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilidhani ameshtuka. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, na machozi yanamtoka. Jana asubuhi, akasema, aliyekuwa ananunua mawese ni yeye.

Bibi alizaliwa huko huko milimani, akaolewa akaletwa Ujiji akiwa binti. Jambo hili nililijua maisha yangu yote na halikuwahi kunisaidia lolote. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba kwao mwanamume hamkabili mama mkwe wake. Akimwona njiani anampisha, na kama hakuna pa kupisha anaingia hata kwenye mihogo, asimkazie macho. Vijana wa mjini, alisema, wanampita kwa pikipiki wakimtimulia vumbi na kumpungia mkono. Tangu ahamie mjini hakuna mwanamume aliyewahi kumfichia uso. Na huyu hajajibiwa hata posa, tayari amemhesabu kuwa mkwe wake, tena sokoni, mbele ya watu, nyuma ya viazi.

"Waite washenga," akamwambia mjomba.

Nilijaribu kuokoa hali. Nilisema ushahidi mmoja hautoshi, kwamba bado kuna suala la utoto wake, kwamba watu wenye matatizo makubwa ya nafsi huwa na adabu sana. Hakuna aliyenisikiliza. Mjomba alinipa mkono wa pongezi. Alisema ameshuhudia posa nyingi lakini hajawahi kuona mchumba akichunguzwa kwa undani namna ile, na kwamba fedha za shule hazikupotea.

Kesho yake nikamfuata mama mdogo mwaloni. Jua lilikuwa kali, dagaa wametandazwa mchangani mpaka karibu na maji, naye anawageuza kwa fagio, ameinama, kanga kiunoni. Nilisimama karibu yake nikaanza kumweleza kwa upole hatari za kuolewa na mtu usiyemfahamu vizuri. Nikataja umbali wa Kalinzi, nikataja baridi ya kule, nikataja kwamba kahawa si zao la kutegemea. Muhula uliopita tulikuwa na somo zima kuhusu mtu anavyojifichia hofu yake mwenyewe, anaivika nguo za hoja na kuitembeza mchana kweupe. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri sana.

Aliniacha nikamaliza. Akaegemea fagio.

"Yule unamjua ni mtu mzuri," akasema. "Sema tu hutaki niondoke."

Nikavua miwani.

"Sitaki uondoke," nikasema.

"Haya." Akanitazama kwa muda, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na homa. "Nimekusikia, mwanangu. Wale wengine wote niliwaacha waende zao kwa ajili yako, na sijutii hata mmoja. Ila huyu nakwenda naye."

Akainama, akaendelea kugeuza dagaa. Mimi nikakaa chini pale pale nikalia, mtaalamu mzima wa akili za watu, makamasi yananitoka mbele ya wanawake wote wa mwalo, nalia kama siku ya kwanza aliponiacha mlangoni mwa shule. Alinipitishia mkono kichwani mara moja, mkono unaonuka samaki. Kisha akaniambia nisogee kidogo, nimekalia dagaa.