Kitambaa Alichoacha Mama

Juzi nikipita mtaa wa Munyaka niliona akina mama wamekaa nje wakifuma vitambaa vya viti na kuonyeshana mitindo, nami nikasimama kama nguzo ya stima.

Kwetu, nilipokuwa mtoto, vitambaa vilifunika kila kitu. Hata paka akisinzia angeamka amefunikwa. Mama alipozikwa, kikundi chake cha kufuma kilikuja wiki hiyo hiyo, kwa sababu zamu ya kukutania ilikuwa ya nyumba yetu. Sebule ilinuka chai ya maziwa na uzi mpya. Mama Wanjiru, rafiki yake, alichukua kitambaa ambacho mama aliacha nusu, akafuma mstari mmoja, akampitishia aliyeketi kando yake.

“Msimalize!” nikapiga kelele. “Mama humaliza mwenyewe!”

Nilijua mama haachi kazi katikati, kwa hivyo lazima angerudi.

“Kuja ukae na sisi, mtoto wangu,” Mama Wanjiru akasema. “Kazi ya mwenzetu hatuwezi kuiacha hivyo.”

Sikulia. Nilikaa nikitazama mistari ikiongezeka. Sasa najua walikuwa wanamuaga. Lakini siku hiyo, fundo la mwisho lilipokazwa, niliona kama mlango umefungwa na mama bado yuko nje.