Kandambili ya Bluu Kwenye Foleni

Zahanati yetu hapa Ulaya, kijiji cha Kilosa, si ile ya Wazungu, ina daktari mmoja, nesi mmoja, na mimi mlinzi. Wa maabara tunagawana na kijiji cha pili. Daktari anaanza kupima jogoo akiwika, na mpaka mjukuu wa jogoo huyo anawika, bado anapima. Nesi mkono huu anazalisha, ule anachanja. Mimi nafagia, nalinda geti, nalinda na foleni.

Foleni yetu haina watu. Ukifika unaweka kitu chako chini, kandambili, fimbo, sufuria, halafu unaenda kukaa kivulini. Mmoja akiingia, vitu vyote vinasogezwa. Siku ya gulio foleni inatoka mlangoni, inazunguka choo, inakaribia kufika Mikumi kutisha tembo.

Mke wangu alikuja siku ya gulio. Kifua kilimbana tangu alfajiri, kila neno analivuta kama ndoo ya kisima kirefu.

"Twende mbele, mama watoto," nikamwambia. "Mwenye foleni si mimi?"

"Unipitishe, halafu kesho bombani nimtazame nani?"

Akavua kandambili moja ya bluu, akaiweka nyuma ya sufuria ya mwisho. Nikamkalisha, nikamletea maji. Pembeni yetu mama mmoja alikuwa anamkoromea mfugaji.

"We baba, fimbo yako inatambaa! Si ilikuwa nyuma ya sufuria yangu?"

"Fimbo ya Msukuma, mama, haijazoea kukaa nyuma ya ng'ombe asiyetembea."

"Kwa hiyo ng'ombe mimi?"

Watu wakacheka. Mke wangu naye akajaribu, kicheko kikamkwama. Nikaona midomo imebadilika rangi.

Nikamkimbilia nesi. Alimtupia jicho moja tu, akamwita daktari. Oksijeni hatuna. Daktari akapiga simu Kilosa, gari la wagonjwa likaja. Mgonjwa mahututi kwetu haondoki bila nesi, kwa hiyo nesi akapanda naye. Ndugu nafasi ilikuwa moja, akapanda binti yetu. Mke wangu akaondoka mguu mmoja mtupu. Mimi nikabaki getini, maana daktari alikuwa peke yake na watu wamejaa kama senene.

Mchana simu ikalia. Nesi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, hatukufika naye."

Nikasema asante. Hivyo hivyo, asante, kama mtu aliyerudishiwa chenji. Nikachukua ufagio. Nilifagia uwanja ule mpaka nikakaribia kutokea upande wa pili wa dunia. Machozi hayakuja. Mtu akanitania kwamba nafagia kama namsubiri rais, na mimi nikamjibu rais amekwama kwenye foleni. Akacheka. Nilimwangalia meno.

Kandambili ilikuwa bado inasogea. Hakuna aliyejua ya nani, na hakuna aliyeiruka. Aliyesogeza chake aliisogeza na hiyo. Jioni ikafika mlangoni. Daktari akatoa kichwa.

"Kandambili ya bluu ya nani?"

Watu wakaangalia miguu yao.

"Yangu," nikasema. Nikaiokota, nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Ee, mzee. Unaumwa nini?"

"Hakuna kinachouma, daktari. Ndiyo maana nimekuja uniangalie."

Akaiona ile kandambili ya kike mkononi mwangu. Alinifunga kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, tukakaa. Nje niliwasikia wanasogeza vitu vyao.