Hukumu Iliyoridhika

Jambo la mwisho la kawaida nililofanya na mke wangu lilikuwa kupanga foleni katika ofisi ya ushauri wa madeni, mtaani kwetu Peckham, huku ughaibuni. Magoti yake yalikuwa yamezichoka ngazi zetu, tukawa tunataka fleti ya chini. Dalali alitukatalia kwa sababu ripoti yangu ya mikopo ilionyesha hukumu ya mahakama ya kudaiwa. Deni lilikuwa la umeme wa nyumba ya zamani, na nililimaliza mara nilipolijua.

Karani aliyetuhudumia, binti wa Kikenya, akapitisha kidole kwenye skrini. "Mzee, usijali. Hapa wameandika satisfied. Yaani hukumu imeridhika."

"Imelipwa," nikamsahihisha. "Hukumu hairidhiki."

Mke wangu akanifinya mkono. "Mwache mtoto wa watu! Mahakama nzima imeridhika nawe, mimi nani hata nikatae? Nimekuridhia, bwana. Twende zetu nyumbani."

Tulicheka mpaka aliyekuwa nyuma yetu akacheka pia. Dalali alipelekewa uthibitisho, akakubali.

Wiki hiyo hiyo moyo wa mke wangu ulisimama. Baada ya mazishi, dada yake, Mzanzibari asiyezunguka maneno, aliniuliza, "Shemeji, alikupa radhi?"

Kwetu mume na mke huombana radhi kabla ya kuagana, na mimi sikuwahi kuomba.

"Alinipa," nikamjibu. "Bila kuombwa, mbele ya karani."

Asubuhi yake nilimpigia simu dalali, nikamwambia fleti ampe mwingine. Mimi ngazi ninaziweza.