Moyo wa Kaka Haukosei

Kaka yangu, fundi cherehani, hana haja ya kuwachunguza watu, ana moyo. Kijana akija kumposa binti yake, kaka humsikiliza huku kaweka mkono kifuani. Moyo ukienda mbio, jamaa ni tapeli. Wa kwanza, tapeli. Wa pili, tapeli. Bahati gani hii ya binti yetu, matapeli wote wanamtaka yeye!

Sasa sikia. Mwaka mzima bwana huyu hunywa maji ya vuguvugu, eti kahawa inamsumbua. Siku ya posa hubugia vikombe vitatu vizito, mgeni asije akatuona wabahili. Kisha mikono inamtetemeka hata kutunga uzi hawezi. "Unaona, dada? Hata mikono imemkataa." Tangu mkewe afariki hana wa kumbishia, ila mimi.

Wa tatu alikuwa muuguzi mpole, chaguo la binti mwenyewe. Binti aliniambia jikoni, "Shangazi, huyu naye akifukuzwa, sileti mwingine." Nikamwambia atulie, dawa ninayo. Birika la kahawa nikalificha, kaka nikamtilia maji yake ya vuguvugu. Nikakaa pembeni nikitabasamu, mjuaji mkubwa.

Kijana akaeleza shida yake vizuri. Kaka akashika kifua.

"Unakwenda mbio," akasema. "Tapeli."

Nilitamani ardhi ipasuke. Binti ndiye aliyeweka chini kitambaa alichokuwa akishona, akamgeukia.

"Baba, juzi nilipochelewa kurudi, moyo ulikwendaje?"

"Mbio."

"Na nilipolazwa hospitali?"

"Mbio zaidi."

"Basi tapeli ni mimi."

Kaka akatazama cherehani ya pili, ile anayotumia binti, wanaposhona wakigombania redio. Macho yakamjaa maji. Nami, niliyemcheka tangu asubuhi, nikaona aibu.

"Nyumba hii itakuwa kubwa mno," akasema. Vyumba viwili hivyo, na kila siku hulalamika hana pa kunyoosha miguu.

Akamgeukia kijana. "Mtahamia wapi?"

"Mtaa wa pili tu, baba."

"Mbali hivyo," kaka akasema. Akajifuta uso, akachukua futi ya kupimia, akamwambia kijana asimame ampime mabega ya koti la harusi.